Kipupwe cha Bibi Kuku

Jumapili, 2 Machi

Mzigo kutoka kwa Kaka umefika. Ndani mna mashine mpya ya gemu, nyembamba kama sahani, na gemu moja tu: lile shamba letu la utotoni, limetengenezwa upya. Juu ya boksi Kaka ameandika kwa kalamu nene, KWA MAMA.

Mama alilipapasa boksi pande zote kama anayepima kitambaa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mpaka leo kitu kikimfikia mkononi hukitafuta pindo.

"Jepesi," akasema. "Shamba zima limeingia humu?"

"Limeingia, Mama, na mbwa wake."

"Basi lichunguze, uniambie kama ni letu au ni la watu wengine. Macho yangu unayajua."

Nayajua. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mimi nafanya kazi duka la miwani, napima watu kutwa, na mtu mmoja nisiyeweza kumsaidia kwa lenzi yoyote ndiye ninayeishi naye. Kaka anataka Mama ahamie kwake mvua zikiisha. Afanyiwe upasuaji kule, kisha abaki moja kwa moja. Mama amejibu, "Sawa." Mimi sikuulizwa, nami sijasema neno.

Nitalichunguza. La zamani bado tunalo, pamoja na televisheni yake ya chogo. Nitacheza yote mawili sambamba, msimu kwa msimu, na nitayaandika humu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza, na radi zake. Umeme haukukatika, kwa hiyo nimeanza.

La zamani: unawasha, haliwaki. Unatoa kaseti, unaipuliza, unairudisha, unawasha tena. Skrini inatetemeka, kisha jogoo anawika. Mkulima ana kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Maandishi ni ya lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuijua, kama mikwaruzo ya kuku mchangani, kwa hiyo watu wa kijiji kile tuliwabatiza wenyewe. Kuna Mzee Kofia, kuna Tajiri, na jirani yetu wa karibu, bibi mfupi mwenye kikapu, ni Bibi Kuku.

Jipya: linawaka lenyewe. Majani yanatikisika kwa upepo. Wimbo ni ule ule, ila sasa ni kama umealikiwa bendi nzima. Lugha unachagua, nimechagua Kiingereza, kile nilichobakiwa nacho kutoka sekondari.

Kumwagilia: katika la zamani unabonyeza mara moja kwa kila mraba, na sauti ni "chwaa". Katika jipya unashikilia kitufe tu, mstari mzima unalowa. Ni rahisi zaidi. Sijui kwa nini nimeudhika.

Alhamisi, 6 Machi

Wateja wengi, mvua imewasukuma ndani. Nimebadilisha lenzi na kuuliza "ipi wazi zaidi, ya kwanza au ya pili?" mpaka ulimi umekuwa mzito. Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Kengele kwa sababu hanyamazi, akanigeuzia kibao: "Na hilo shamba lako, ya kwanza au ya pili?" Nimemwambia bado napima.

Jumamosi, 8 Machi

Leo Mama amekaa nami, yeye kwenye kochi, mimi sakafuni. Kila mtu wa kijijini akisema neno, namsomea. Mzee Kofia ameonekana mwenye heshima kuliko tulivyodhani. Tajiri ni mwongo vile vile. Kisha tukafika kwa Bibi Kuku, nami nikamtembeza mkulima hadi mlangoni pake kama alivyokuwa akifanya Mama zamani, kwa njia ya mkato.

"Anasema nini?" Mama akauliza, kainama mbele.

"Anasema, 'Umekanyaga maua yangu tena.'"

"Mwongo!"

"Naapa, Mama. Na sasa anasema, 'Kila siku unayakanyaga.'"

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Miaka yote ile nilidhani ananikaribisha! Nami naitikia, 'Starehe, bibi, starehe.' Kumbe mwenzangu ananitukana."

Kwa hili jipya lina faida.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Palizi, mashamba yote mawili. Hakuna zaidi.

Jumapili, 16 Machi

Kaka amepiga simu. Chumba cha Mama kimepakwa rangi ya maji ya limau. Wifi ameshona mapazia. Kitanda kimewekwa upande usio na dirisha ili baridi isimpate. Kila alipotaja kitu, Mama alisema, "Sawa, mwanangu." Kisha nikapewa simu.

"Mdogo wangu, gemu vipi?"

"Lipo."

"Lipo tu? Hebu sema kitu basi."

Nikamwambia rangi zimezidi. Akasema mimi tangu utotoni hupewa sukari nikalalamika ni tamu. Sikucheka. Mtu anapanga maisha ya watu wazima kwa simu, halafu anataka achekewe.

Jumatatu, 24 Machi

Nimegundua jambo. Nilirudi kutoka kazini nikakuta la zamani limewashwa na Mama ameshika pedi ya kuchezea. Haoni skrini, anaona ukungu wa kijani tu. Lakini mikono inakumbuka. Akitoka mlangoni anahesabu hatua kwa midundo ya muziki, anapinda kulia, chwaa, chwaa, chwaa, na ukiangalia, kila mraba umelowa. Hakukosea hata mmoja. Nilisimama pale na koti langu likidondosha maji hadi akasema, "Funga mlango, mvua inaingia shambani."

Nikajaribu kumpa pedi ya jipya. Akaishika, akamtembeza mkulima, akamtumbukiza mtoni.

"Hili si la mikono yangu," akasema, akanirudishia. "Cheza wewe."

Nimeandika: katika jipya, njia ya mto imesogezwa.

Jumamosi, 29 Machi

Paa linavuja kwenye korido. Ndoo. Kiangazi kimeanza katika mashamba ya gemu. Nyumbani bado ni maji tu.

Jumapili, 6 Aprili

Mama amempa jirani wa ng'ambo ya barabara meza yake ya kushonea. Hakuniambia, nilikuta miguu ya meza imeacha alama nne kwenye zulia. "Alikuwa akiitamani siku nyingi," alisema. Nilisogeza kiti, nikafunika zile alama.

Anajifungasha kidogo kidogo, kimya kimya, kama mtu anayetii amri. Nami namwona, nanyamaza. Nimeshika lawama, lakini simpi mtu. Nikimpa Kaka, ataniuliza ninapendekeza nini, na sina.

Jumatano, 9 Aprili

Kengele anasema siku hizi natia lenzi kwenye fremu kama natia ufunguo kwenye kitasa cha mtu. Sikumwelewa, ila nimepunguza nguvu.

Jumatatu, 14 Aprili

Vuli, mashamba yote mawili. Ndio msimu mzuri kuliko yote: viazi vitamu, uyoga kwenye miti, Bibi Kuku akianika vitu barazani. Katika jipya hata moshi unanukia, nusura niseme. Baada ya vuli gemu huisha. Ndivyo ilivyokuwa daima: siku ya mwisho ya vuli Mama alikuwa akisema, "Tumevuna, tumemaliza," anazima, na kesho yake tunaanza masika mapya, shamba tupu, mbwa mdogo.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimemaliza vuli ya jipya. Gemu halikuisha. Pakapambazuka peupe, theluji hadi kwenye madirisha, na muziki mwingine kabisa. Nimeandika: wameongeza msimu wa nne. Nimeuita kipupwe. Sijui kama naupenda. Nimezima kabla ya kutoka nyumbani kwa mkulima.

Jumapili, 20 Aprili

Kaka alipopiga nikamwambia kuhusu kipupwe, nikamwambia pia kwamba wenye gemu hawakupaswa kuongeza kitu ambacho hakikuhitajika.

"Wameongeza?" Akacheka. "We mtoto, kipupwe kilikuwepo tangu zamani. Nilikiona kwa macho yangu, ule unga mweupe."

"La zamani linaishia vuli."

"Linaishia vuli nyumbani kwetu. Muulize Mama."

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemuuliza. "Ulikuwa mdogo," akasema, na akaniuliza kama ndoo ya korido imejaa. Ilikuwa haijajaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Niandike kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ile isiyo na radi, isiyokwenda popote. Baada ya chakula cha mchana Mama alisema tumalizie shamba jipya tulipoachia. Yeye kochini na shuka magotini, mimi sakafuni.

Asubuhi ya kwanza ya kipupwe. Nikamtoa mkulima nje. Bibi Kuku alikuwa amesimama langoni kwetu, bila kikapu. Sijawahi kumwona bila kikapu. Nikamsomea Mama maneno yake:

"'Mwanangu anataka nikaishi kwake mjini. Unaonaje, jirani? Niende au nibaki?'"

Chini yake kulikuwa na majibu mawili, unachagua. Kidole changu kilibonyeza kabla sijafikiri. Bibi Kuku akainamisha kichwa, akasema asante, akarudi kwake. Dirisha lake likawaka taa. Filimbi ikalia vizuri sana.

"Umemjibuje?" Mama akauliza.

"Nimemwambia abaki."

"Mbona haraka hivyo?"

"Sasa aende wapi, Mama? Kuku wake wako hapa, maua yake yako hapa. Amepazoea."

"Na yeye mwenyewe anataka nini?"

"Hawajaweka hilo. Yeye anauliza tu."

"Mtu atoke kwake, asimame kwenye lango lako na baridi yote hiyo, akuulize aende au abaki," Mama akasema taratibu, "halafu wewe hujui anataka nini?"

Nilitaka nirudi nyuma nijibu upya. Haiwezekani, jipya linajihifadhi lenyewe kila unapopumua. Nikapunguza sauti ya televisheni mpaka mwisho, tukabaki na mvua.

"Mama," nikasema, bila kugeuka, "na wewe unataka nini?"

Vidole vyake vikatafuta pindo la shuka.

"Nimelisubiri swali hilo tangu kabla ya mvua," akasema.

"Si ungesema."

"Ningesemaje? Nikisema nataka kwenda, utaona nakukimbia. Nikisema nataka kubaki, nitakuwa nakudanganya. Nikaona bora niseme sawa."

Hapo ndipo nilipogeuka. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, kwenye mwanga, kama kawaida yake.

"Unataka kwenda," nikasema.

"Nataka kwenda. Nataka macho yangu. Nina wajukuu watatu, mwanangu, nawajua kwa kelele tu. Nataka nione wana pua ya nani." Akavuta shuka. "Na kaka yako usimnunie. Mimi ndiye niliyemwomba anitake."

"Ulimwomba?"

"Nilimwambia, 'Niite, lakini ionekane ni wewe.' Maskini, ameibeba miezi yote hii, na wewe unamjibu 'lipo, lipo'."

Nikamuuliza kuhusu gemu, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Hilo ni lako. Nilimwambia aandike jina langu. Angeandika lako ungelitia kabatini, useme utalicheza siku ukipata nafasi. Mimi sikutaka kujua kama ni letu. Nilitaka uwe na kitu mkononi ukirudi kazini."

Nilicheka, au kitu cha namna hiyo. Ukaguzi wangu wote, kijani kwa kijani!

Kisha akanieleza kipupwe. Nilikuwa na miaka sita. Tulikifikia mara moja tu, sisi watatu mbele ya televisheni ya chogo. Theluji ikaanguka, Kaka akasema ni unga. Mkokoteni ukaja mlangoni kwa Bibi Kuku, akapandishwa na furushi lake, nyumba ikafungwa. Maandishi hatukuyajua, lakini mkokoteni na furushi havihitaji kusomwa. Nililia mpaka nikatapika. Wiki nzima nilikuwa namfuata Mama chooni, nakaa nje ya mlango kuhakikisha anatoka.

"Nikasema basi," Mama alisema, "msimu huo hauingii tena nyumba hii. Ilikuwa rahisi. Unazima, unawasha, masika."

Sikumbuki chochote. Si theluji, si mkokoteni. Nakumbuka tu jinsi alivyokuwa akisema "tumevuna, tumemaliza", kwa furaha, na mimi nikimwamini.

"Sasa nimechoka kuanza upya," akasema.

Nilimwambia aende. Sauti ilitoka ndogo, akaniomba nirudie. Nikarudia.

Jumapili, 27 Aprili

Nimempigia Kaka mimi mwenyewe. Sikujua nianzie wapi, nikasema rangi ya maji ya limau ni nzuri kwa mtu aliyetoka upasuaji, haichomi macho. Akasema, "Amekuambia, siyo?" Nikasema ndiyo. "Alhamdulillah," akasema, "nilikuwa nakaribia kupasuka." Ndugu yangu huyu hajawahi kutunza siri ya zaidi ya siku mbili. Lazima aliteseka.

Jumamosi, 10 Mei

Kaka amekuja na gari, wameondoka saa za asubuhi katika manyunyu. Amenenepa. Alinikumbatia akasema, "Umeninunia miezi mitatu." Nikasema miwili. "Na huo wa tatu?" Nikasema huo nilikuwa nakagua gemu.

Mama alizunguka nyumba kwa mikono: ukuta, kabati, kochi, televisheni ya chogo. Kwenye gari aliteremsha kioo.

"La zamani limefika wapi?"

"Vuli, Mama. Siku ya mwisho."

"Lipeleke mbele. Mimi nilikuibia msimu mmoja. Ukaone kuna nini, unisimulie."

Nikasema sawa. Kaka akasema nimeanza kuongea kama Mama.

Jumatatu, 12 Mei

Nimewasha la zamani, nimevuna viazi, nimefika jioni ya mwisho ya vuli, sikuhifadhi. Nimezima.

Jumatano, 14 Mei

Nimevuna viazi vile vile. Nimezima.

Ijumaa, 16 Mei

Tena. Katika jipya Bibi Kuku yupo mlangoni kwake na taa yake. Kila siku anasema, "Nashukuru nilibaki." Maneno hayo hayo kila siku.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua kubwa. Ndoo mbili sasa. Nyumba ina sauti ambazo sikuzijua, friji hasa. Nimezima.

Alhamisi, 22 Mei

Jicho la kulia limefunguliwa. Kaka alipiga, kisha Mama akamnyang'anya simu.

"Yule mdogo ana pua yangu," akasema, "Mungu amsaidie. Na kaka yako, mbona hukuniambia ana mvi?"

"Na mimi ninazo, Mama."

"Basi nije niziangalie."

Alikuwa anapiga kelele kama watu wa miwani mipya, wanaodhani wakiona vizuri na sauti lazima ipande. Wote huwa hivyo. Nimewaona kila siku kazini na sijawahi kulia kwa ajili yao.

Jumamosi, 24 Mei

Nimeacha vuli iishe.

Katika la zamani kipupwe hakina muziki. Hakuna kitu kabisa, ni hatua za mkulima tu, kruu, kruu. Shamba lote jeupe, jeupe la aina moja. Mkokoteni ulikuja kama alivyosema Mama. Bibi Kuku alipanda na furushi lake. Hakuuliza mtu. Nilimsimamisha mkulima kando ya njia, mbali na bustani yake ya maua, mpaka mkokoteni ukatoka nje ya skrini. Dirisha lake likawa mraba mweusi.

Asubuhi ya pili nimekuta kuku wake wote uani kwangu.

Nimehifadhi.

Jumanne, 27 Mei

Nalisha kuku. Hakuna kazi nyingine kipupwe: nyasi kwa ng'ombe, mtama kwa kuku, kulala mapema. Si kibaya kama nilivyodhani. Nimemwita fundi wa paa.

Jumapili, 1 Juni

Mvua haijanyesha tangu juzi. Jua limeingia mpaka kwenye korido.

Leo katika la zamani theluji imeyeyuka. Siku ya kwanza ya masika, wimbo wetu ule ule, na kabla mkulima hajashika jembe, mkokoteni ukatokea upande wa kulia. Nilidhani ni Tajiri. Alikuwa Bibi Kuku, na kikapu chake. Aliingia uani kwangu, akawazunguka kuku wake mmoja mmoja, akasema mikwaruzo yake ambayo siwezi kuisoma. Alikaa kutwa. Jioni akapanda mkokoteni, akaondoka.

Nilikwenda kuangalia katika jipya. Hakuna mkokoteni. Yupo mlangoni, ana taa, anashukuru alibaki.

Nikampigia Mama.

"Mama, anarudi."

"Nani?"

"Bibi Kuku! Masika yakianza tu. Mkokoteni ule ule. Anakuja kututembelea, anaangalia kuku, jioni anakwenda zake."

Nikasikia watoto, na kijiko kikianguka.

"Anarudi?" Mama akasema.

"Anarudi."

"Na sisi tumezima miaka yote ile!" Akaanza kucheka, nikamsikia Kaka akiuliza kwa mbali kuna nini, na Mama akimwambia, "Bibi Kuku alikuwa safarini tu!" Kisha akarudi kwenye simu, na sauti ikawa ile ya kunisimamia nikioga. "Subiri. Alipokuja ulimpa nini?"

"Sikuwa na kitu. Shamba tupu, ndiyo kwanza baridi imeisha."

"Mgeni ametoka mjini, ukamwacha aondoke na kikapu kitupu?"

"Sikujua anakuja, Mama."

"Sasa umejua. Mimi nakuja mwezi wa nane, jicho la pili likishapona. Panda kitu."

Jumatatu, 2 Juni

Kengele ameuliza tena, ya kwanza au ya pili. Nimemwambia ya kwanza. Akasema nimechukua muda mrefu kwa mtu wa kazi hii.

Jioni nimepanda figili mistari miwili katika la zamani, na mchicha nyuma ya nyumba. Yote nimeimwagilia mraba kwa mraba, kwa mkono.